Mashine ya kupiga kura: pane ionekane mbele ya mashine kufika Yanonge

Tarehe 30 Desemba 2018, Wakongomani walichagua kwa mara ya kwanza kwa kutumia mashine za Miru Systems, kampuni ya Korea Kusini. Tarehe 20 Desemba 2023 mashine zilirudi. Siku hiyo biro nyingi zilifunguliwa kwa kuchelewa, waangalizi wakaripoti mashine zenye pane, na CENI ikaongeza siku ya pili kwa biro ambazo hazikufunguliwa. Uchaguzi unaofuata unangojewa mwaka wa 2028. Ikiwa mashine zitatumika tena, wakati wa kutafuta makosa ni sasa.

Kompyuta ndani ya sanduku

Ile mashine iko na kompyuta ndogo ndani, yenye kazi ya kuonyesha wagombea, kupokea kidole cha mchaguzi na kuchapisha karatasi ambayo anatia mwenyewe sandukuni. Kompyuta kama hiyo iko pia ndani ya simu, ndani ya piki-piki za kisasa na ndani ya kompteri ya umeme.

Wahandisi hawangoji kiwanda ndipo wajue kama inafaa. Wanaunda kwanza modeli: mashine ya kuigiza, inayoishi ndani ya kompyuta ya kawaida, ikiwa na batri yake, skrini yake na printa yake. Programu ya kweli inatembezwa juu ya modeli hiyo. Kisha wanauliza: batri ikibaki nusu, itakuwa namna gani? Joto likipanda? Karatasi ikikwama?

Hesabu ya mustari

Chukua mfano mwepesi. Biro iko na wachaguzi 600 na mashine moja, inafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Kila mtu akitumia dakika moja, kazi inachukua saa 10, siku inatosha. Akitumia dakika mbili, ni saa 20. Mwaka wa 2023 wagombea wa ubunge wa taifa peke yao walipita 25,000 katika nchi nzima, na mchaguzi alichagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Katika miji fulani, na mshauri wa komine. Modeli inaonyesha tatizo hilo kungali muda wa kuongeza mashine ao kupunguza kurasa.

Modeli haijui mto

Lakini modeli inajua tu kile inachoambiwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka sekunde 40 hivi baada ya kuruka. Sehemu ya programu ilitoka kwa Ariane 4, na haikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya.

Kwa Yanonge, karibu kilometa 60 kutoka Kisangani, mwendo ni mwingine: unyevu wa pori, mvua, safari ya mtumbwi ao piki-piki, batri isiyokuwa na pa kuchajiwa, na wazee wasiozoea skrini. Kisangani yenyewe, pamoja na barrage ya Tshopo, inajua kukatika kwa umeme. Mtu asipoyaandika hayo katika majaribio, mashine itapita mtihani wa ofisi na kushindwa kijijini.

Kwa hiyo wakaaji, shirika za raia na wabunge wa Tshopo wako na ulizo moja la kupeleka CENI mbele ya mkataba kutiwa sahihi: mashine hii ilijaribiwa kwa hali ya nani?