TULILIPIA SAUTI, TUKAUZIWA MDOMO!

Kijana mwenzangu wa Mji Kasoro Bahari, hebu tuambizane ukweli. Ukienda buchani ukalipia kilo ya nyama, ukafungiwa mifupa mitupu, utanyamaza? Thubutu! Utapiga kelele hadi Msamvu wasikie. Sasa mbona ukilipia muziki ukapewa kiini macho, unarudi nyumbani mpole kama uliyemwagiwa maji?

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 10,000 zangu za jasho kwenye ukumbi mmoja wa hapa mjini. Tangazo lilisema msanii kutoka Dar es Salaam ataimba "laivu". Tulisimama tangu saa tatu usiku, baridi ya milima ya Uluguru ikitutandika migongoni. Bwana mkubwa alipanda jukwaani saa saba kasoro robo, miwani nyeusi usoni. Nyuma yake hapakuwa na gitaa wala ngoma, ila kijana mmoja na kompyuta yake.

Wimbo wa tatu, msanii akainua chupa akanywa maji. Sauti yake ikaendelea kuimba! Na sisi, bila haya, tukaendelea kushangilia.

Usiniambie nachukia muziki wa kizazi kipya. Naupenda. Ninachokichukia ni kuibiwa, tena kuibiwa Morogoro! Katika mji huu Salum Abdallah aliongoza Cuban Marimba hadi ajali ya gari ilipomwua mwaka 1965. Katika mji huu Mbaraka Mwinshehe alipigia gitaa Morogoro Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1944. Mwaka 1970 gitaa hilo lilimfikisha Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Alipofariki kwa ajali huko Mombasa, Januari 1979, alikuwa na miaka 34 tu.

Wale hawakuwa na pa kujificha. Mwimbaji akikosea, ukumbi mzima ulisikia. Gitaa likikatika uzi, watu waliona. Ndiyo maana walifanya mazoezi mpaka vidole vikaota sugu.

Mwandaaji atakujibu kwamba bendi ni gharama. Sawa, mpiga besi anataka nauli, mpiga ngoma anataka kula. Lakini kama hao wameondolewa, mbona kiingilio hakikushuka? Posho yao imeingia mfuko wa nani? Hapa hapa Mji Mpya na Kihonda wapo vijana wanaojua kupiga vyombo, wanashinda vijiweni kwa kukosa kazi. Kila ukishangilia pleibeki, unamfukuza kazi mwenzako.

Na ubaya haukomei ukumbini. Mtu aliyezoea kupigia makofi mdomo unaochezacheza hashindwi kupigia makofi mgombea anayerudia ahadi zile zile za uchaguzi uliopita, maneno yale yale, pozi lile lile. Anayekudanganya kwa wimbo na anayekudanganya kwa kisima cha maji wanategemea kitu kimoja: ukimya wako.

Kwa hiyo safari ijayo, kabla hujatoa noti yako mlangoni, uliza: "Anaimba au anachezesha mdomo?" Wakikudanganya, dai fedha yako pale pale, kwa heshima, bila ngumi. Wakigoma, toka nje na wenzako wote. Msanii ataimba na viti.

Makofi yako ni mali, ndugu yangu. Usiyagawe bure.