Fungate Si ya Wageni Peke Yao

"Mnafuata kazi?"

Mlinzi aliuliza kwa adabu, sina ugomvi naye. Ilikuwa saa nane mchana, Februari, jua la utosini, na sisi tumesimama mbele ya geti la hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, mimi na baibui langu la kutokea, mume wangu na begi la mgongoni. Hatukufuata kazi. Tulifuata usiku mbili. Tuna miaka sita ya ndoa na watoto wawili, tunaishi watu tisa katika nyumba ya ukoo Mji Mkongwe ambayo kuta zake ni nene lakini milango yake haifungi sawasawa, na tulitaka tu pahala pa kukaa wawili tukasikilizana. Mume wangu akasema, "Tunataka chumba, kaka." Yule kijana akatutazama, akalitazama begi, akapiga simu ndani. Wakamuuliza ni wageni wa wapi. "Wa hapa hapa," akajibu, na sauti yake ikashuka kama anayetoa habari ya msiba. Kisha ikaja bei, kwa dola: usiku mmoja, zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Tukapanda daladala namba 309 tukarudi mjini. Tusiiharibu siku, tukasema, tulale japo nyumba ya wageni ya huku huku. Mapokezi tukadaiwa cheti cha ndoa. Mbele yetu walikuwa wazungu wawili, wamepewa ufunguo bila kuulizwa hata kama wanajuana majina. Kwa hiyo ndani ya siku moja, kisiwani kwetu, hoteli ya kwanza ilituona vibarua na ya pili ikatuona wazinzi. Tukaenda zetu nyumbani tukala wali wa nazi na ukoo mzima.

Kisa hiki nimekisimulia barazani mara nyingi na watu hucheka, nami hucheka nao. Ila nilipomwambia mwandishi mwenzangu mmoja, mtu wa riwaya ninayemheshimu, kwamba nataka kuandika juu ya mke na mume wa Zanzibar na mapumziko yao ya siku mbili, hakucheka. Alikunja uso. "Hayo waachie wa vipeperushi," akasema. "Fasihi ina kazi nyingine."

Makala hii ni jibu lake. Nasema fasihi yetu imelikimbia jambo hili, na kwa kulikimbia imewaachia hao wa vipeperushi kisiwa kizima.

Kiu. Asali Chungu. Utengano. Vuta N'kuvute. Hizo ni riwaya zilizotulea, za Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi, na asitokee mtu akasema nazidharau. Nakala yangu ya Utengano imesomwa mpaka jalada likabanduka. Lakini yapange majina hayo kwenye rafu uyasome kwa sauti. Mapenzi yamo, pumzi haimo. Katika Vuta N'kuvute Yasmin anamwacha mume mzee aliyeozwa, anampenda Denge, na mapenzi yao ni ya kujificha, ukoo upande huu, makachero wa serikali ya kikoloni upande ule. Ndivyo ilivyokuwa na ilistahili kuandikwa hivyo. Swali langu ni dogo tu: ni wapi kwenye rafu hiyo wapo mke na mume waliokwenda Chwaka Ijumaa, wakakaa, wakarudi Jumapili, na ukurasa ukawa mzuri? Mimi sikumbuki hata mmoja. Atakayeukumbuka anisahihishe, nitamshukuru.

Hata Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepewa Nobel mwaka 2021, katika riwaya yake iliyobeba bahari kwenye jina, By the Sea ya 2001, anampeleka mzee wa Kizanzibari kwenye mji mdogo wa pwani ya Uingereza, aina ile ya mji ambao Waingereza huenda wawili wawili kupumzika. Mzee anafika kama mkimbizi, na kijisanduku chake cha udi kimebaki mikononi mwa ofisa wa uwanja wa ndege. Bahari ipo. Wa kupumzika mbele yake ni wengine.

La ajabu ni kwamba neno tunalo, tena kongwe kuliko hoteli zote. Fungate ni siku saba. Wasukuma na Wasambaa mpaka leo wanahesabu saba kwa neno la ukoo huo huo. Bwana na bibi harusi walikaa ndani, somo anaingia na kutoka, chakula kinaletwa kimefunikwa kawa, na hakuna wa kuwatuma dukani. Bibi yangu mzaa mama alinihadithia kwamba tangu avunje ungo mpaka uzeeni, hizo ndizo siku saba pekee ambazo hakuinjika chungu. Siku ya nane akaamka akateka maji, na akaendelea kuteka miaka hamsini na kitu.

Leo fungate imehamia kwenye matangazo. Unaijua picha yenyewe: meza ya wawili juu ya mchanga, mawaridi, taa za kioo, na mbali kidogo nyuma yao, wameinama majini, wanawake wa shamba la mwani. Wanawake hao wanalima mwani pwani ya mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa fedha hiyo wengi wamewavalisha watoto wao sare za skuli na kuezeka mabati. Katika picha ya fungate wamekuwa pambo, kama mnazi. Wao nao ni wake za watu. Hakuna aliyewauliza mara ya mwisho wao na waume zao walikaa lini bila kazi.

Historia nayo inauzwa vipande vipande. Panda Kidichi ukaone hamamu aliyoijenga Seyyid Said katikati ya karne ya 19 kwa ajili yake na mkewe wa Kiajemi, Shahrzad, mjukuu wa Shah, wapate kuoga na kuburudika. Ile ni nini kama si nyumba ya mapumziko ya wawili? Na waliochuma karafuu kwenye mashamba ya huko walikuwa watumwa. Nimewahi kumsikia mwongoza watalii mmoja akisema yote mawili kwa pumzi moja, nikampa mkono. Wengi husimulia hamamu wakaishia hapo.

Seyyida Salme ndiyo kabisa. Unaoneshwa madari ya Mji Mkongwe, unaambiwa binti wa Sultani aliangaliana na jirani yake Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, ah, mapenzi ya Zanzibar hayo! Mwisho wake haupigiwi kelele. Alitoroka 1866 akiwa na mimba, wakaoana Aden 1867, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu Hamburg. Miaka mitatu ya ndoa. Yeye aliishi hadi 1924, na kaburi lake liko huko huko Hamburg, mbali na dari lolote la Unguja.

Siku zile nilizokuwa nahangaika na haya niliangukia, kwenye gazeti moja la London, orodha ya mapumziko mafupi ya wapenzi ndani ya Uingereza yenyewe. Nyumba ndogo Cornwall, hoteli ya moto wa kuni Lake District, mambo kama hayo. Nikaanza kudharau: watu wanalipa fedha zote hizo wakaloweshwe na mvua? Kisha nikanyamaza. Orodha ile ilikuwa inamwambia Mwingereza apumzike kwao. Haikumuuliza anafuata kazi gani. Na haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire walikuwa na wiki yao ya mwaka, kiwanda kinafungwa, mji mzima unahamia Blackpool, mke, mume na watoto, na miaka mingi walikwenda kwa akiba yao wenyewe, bila mshahara wa wiki hiyo. Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja kupitishwa 1938, baada ya madai ya muda mrefu ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka huo serikali hiyo hiyo ilikuwa inatutawala sisi hapa.

Nasi hatukuwa watupu. Reli ya Bububu ilipojengwa 1905, maili saba kutoka mjini, watu wa mji waliipanda. Wenye nacho walikuwa na nyumba zao za kupunga upepo Chwaka. Wasio nacho walikwenda shamba kwa jamaa msimu wa maembe. Kwenda shamba! Neno hilo peke yake linanitosha kwa riwaya nzima, na bado hatujaiandika.

Nisiwabebeshe hoteli mzigo wote, maana nyumbani nako kuna mlinzi wa geti. Nilipomuaga mama mkwe siku ile ya Februari alisema, "Nyumba mnayo, kitanda mnacho, mnakwenda kulala kwa watu mna nini?" Mashemeji wakacheka. Kwetu mume kumpeleka mkewe pwani siku mbili ni uzungu, lakini kumwacha ndani akenda kucheza bao mpaka saa nne usiku ni utamaduni wetu, tuulinde. Nilitaka kumjibu mama kwamba ndani ya nyumba yake sijawahi kumaliza sentensi moja na mwanawe bila mtu kuingia kutafuta chaja. Sikumjibu. Ni mama, na bila yeye watoto ningemwachia nani?

Ndiyo maana nampinga mwenzangu wa riwaya. Anafikiri mapumziko ni habari ya chumba na bei. Ni habari ya nani anatazamwa kama mtu mwenye uchovu. Mtalii kutoka Milan anaaminika kuwa amechoka. Tiketi yake ni ushahidi. Mwalimu wa Mwanakwerekwe na mkewe muuguzi, hao wamechokea nini? Ukimwandika mtu miaka hamsini katika kiu, utengano na kuvutwa huku na huku, na usimwandike hata mara moja ameketi, msomaji naye anaishia kuamini kwamba kuketi si sehemu yake. Mlinzi wa geti nadhani alisoma vitabu vile vile tulivyosoma sisi.

Hatimaye tulikwenda. Tulichagua Aprili, katikati ya masika, wakati hoteli nyingi zimefunga au zimeshusha bei. Hatukwenda hotelini. Tulipata chumba kwa familia moja Jambiani, nyumba ya mawe upande wa kijijini, tukalipa kwa shilingi, na hakuna aliyetaka cheti, maana mwenye nyumba alianza kwa kuuliza mume wangu ni mtoto wa nani, na kabla chai haijapoa akawa ameshampata mjomba wa pamoja.

Siku tulizichagua kwa mwezi, jambo ambalo matangazo hayakwambii. Pwani ile maji yakikupwa yanakwenda mbali sana, na mgeni aliyelipia kuogelea anaweza kuamka akakuta bahari imehama. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Basi tulitazama kalenda ya Kiislamu ukutani, tukachukua tarehe kumi na nne na kumi na tano. Asubuhi tunatembea kwenye mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba, alasiri tunaoga. Mimi niliingia na dera langu, hakuna aliyegeuka.

Mvua ilinyesha siku ya pili kutwa. Umeme ukakatika. Paa lilivuja pembeni, tukasukuma kitanda. Tulilala kibarazani tukisikiliza bati, na mume wangu akanieleza habari ya kazini kwake ambayo, kumbe, alikuwa nayo kifuani tangu mwaka juzi. Alikuwa amepunguzwa cheo na hakusema. Nyumbani angeisema saa ngapi, mbele ya nani? Hatukufanya jambo jingine la kusimulia. Kama hilo si la fasihi, basi mwenzangu anieleze fasihi ni nini.

Asubuhi ya kuondoka tulikutana na mama mmoja anatoka shamba la mwani, gunia kichwani, maji yanamchuruzika mpaka magotini. Tukamwamkia shikamoo. Akaitika, akatuuliza tumekuja kwa nani.

"Kwa nafsi zetu tu, mama," nikasema. "Tumekuja kukaa."

Akalishusha gunia, akatutazama mmoja mmoja. "Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Chache," akasema, akamwashiria mume wangu amsaidie kulitwika tena.

Aprili hii inayokuja tumeomba siku nne. Mama mkwe ameshakubali kubaki na watoto, kwa sharti tumletee pweza.