Usiku wa Tunduma Hauna Kosa

Nimechoka na hadithi za baamedi anayekufa. Kila kijana mwenzangu anayeshika kalamu katika mji huu, akitaka kuandika juu ya usiku, anaanzia kwenye taa za rangi, anapitia kwenye chupa, anamalizia makaburini. Msichana katoka kijijini Mbozi, kaingia baa, kampata dereva wa lori, kaugua, kafa. Chini yake funzo: enyi dada zetu, tulieni majumbani. Jamani! Hiyo ni hadithi au tangazo la msiba?

Sisemi mambo hayo hayatokei. UKIMWI umezika watu wengi kando ya barabara hii ya kwenda Zambia, na mtu wa Tunduma hahitaji kufundishwa kulia. Ninachosema ni hiki: mwandishi anayeuona usiku kuwa mtego tu, bado hajauona. Na mji unaoamini kwamba usiku wake ni uhuni mtupu hautaujengea kitu, utauachia baa peke yake. Ndiyo hali yetu.

Hebu tuutazame huo usiku wenyewe. Tunduma ni geti. Mzigo unatoka bandari ya Dar es Salaam, unakula zaidi ya kilomita 900, unafika hapa na kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Shaba nayo inashuka kuelekea baharini. Mwaka 2019 marais wawili, John Magufuli na Edgar Lungu, walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde ili watu wasisubiri sana. Lakini lori ni lori: lina karatasi zake na foleni yake, na ndani ya kabini kuna mtu mwenye njaa, baridi na upweke.

Nani yuko macho saa hizo? Dereva na utingo wake. Mama ntilie na sufuria lake. Mkaanga chipsi. Mwenye bodaboda aliyejifunga koti mpaka masikioni, maana baridi ya huku si ya mchezo. Vijana wa kubadilisha kwacha. Mlinzi. Na baamedi. Wote hao wako kazini! Wewe unayekwenda kulala saa tatu unauita usiku wao starehe, wao wanauita mshiko wa kodi na ada ya mtoto.

Sasa mchukue huyo baamedi. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, gesti na baa, na baadaye kiwango kikapandishwa. Je, analipwa? Chupa ikivunjwa na mteja, nani anakatwa? Akifunga hesabu saa nane za usiku, anarudi nyumbani na nani? Katika hadithi zenu sijamwona hata mmoja akidai mshahara, wala akihesabu chenji. Anacheka, analewa, anakufa. Huyo si mtu, ni kinyago mlichokichonga ili mpate cha kuhubiria.

Mtaniambia mmejifunza kwa wakubwa. Mtanitajia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Isomeni tena, washkaji. Kezilahabi hakumwua Rosa ili atutishe. Alimweka mbele yetu Zakaria, baba mlevi na mkali, akatuuliza kosa lilianzia nyumba ya nani. Waigaji wake wamebeba maiti ya binti, baba wamemwacha nje ya kitabu. Kisa na maana? Kwa sababu kumlaumu binti ni rahisi, na baba ndiye atakayenunua gazeti.

Wakubwa wa mji nao wana dawa yao: fungeni! Kila likitokea jambo, tunaambiwa baa zifungwe mapema. Haya. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa sita ya usiku Tunduma ni saa tano Nakonde. Kijana uliyemfukuza huku akienda hatua chache tu anakuta usiku umerudi nyuma, anaendelea na ulabu wake. Sasa umemfundisha nini, zaidi ya jiografia?

Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishangilia, na leo ningeshangilia tena. Lakini kuondoa kibaya ni nusu ya kazi. Pale palipoondolewa kiroba paliwekwa nini? Mimi katika mji huu sijapata kuona tamthilia ikichezwa usiku, wala watu wakikaa kusomeana mashairi. Mgeni akiniuliza aende wapi jioni, namwonyesha baa. Asiyekunywa je? Namwonyesha baa nyingine yenye nyama choma.

Wazee wetu husema muziki wa usiku ni uhuni wa vijana wa leo. Ala! Wao walicheza bendi ya nani? NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, baadaye ikashikwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Kwa hiyo msituambie starehe ya usiku si kazi ya umma. Ilikuwa, mkaitupa, kisha mnamshangaa kijana kwa kuokota kilichobaki.

Wala jambo hili si la kwetu pekee. Mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa. Mwaka huohuo jiji la London lilimteua Amy Lamé kusimamia mambo ya usiku wake, na treni za chini ya ardhi zikaanza kukesha usiku wa wikiendi katika baadhi ya njia. Sisemi tuwe London. Nasema wenzetu walikubali kwamba usiku una wakazi, na mkazi anahitaji usafiri, taa na choo, si rungu tu. Na anayetaka kulala naye ni mkazi: kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo, zitumike kushusha spika, zisitumike kufukuza watu.

Tena tusijidai hakuna sanaa usiku. Ipo, tumeidharau. Ingia kibanda umiza chochote. Filamu inatoka ng'ambo, sauti ya Kiswahili imewekwa juu yake. Derek Mukandala, yule tuliyemjua kwa jina la Lufufu, alikuwa akiwapa wachezaji wa ng'ambo maneno ya uswahilini mpaka watu wanashika mbavu. Huyo ni fanani kamili! Watu walilipa kumsikiliza. Sisi tunalalamika hatuna wasomaji, na wasikilizaji wamejaa kwenye mabenchi, wamebanana.

Basi nadai. Halmashauri ya mji, sensa ya 2012 ilitukuta hatujafika laki moja, ya 2022 ikatukuta tumevuka laki mbili. Watu wote hao mmewapa leseni za vileo, wapeni na ukumbi mmoja wenye taa na jukwaa. Wenye baa, lipeni mishahara, na mtuachie jioni moja ya wiki, ile isiyo na wateja, tuigize.

Na ninyi waandishi wenzangu, tokeni. Agizeni soda, kaeni karibu na jiko la chipsi, sikilizeni Kinyamwanga, Kibemba na Kiswahili cha Kongo vikigombania bei moja. Muulizeni utingo habari za njiani, msimpe mawaidha. Na baamedi wenu, tafadhalini, mwacheni aishi mpaka ukurasa wa mwisho. Ana mengi ya kusema, na hajalipwa.