Uwanja wa mpira nao ni shamba la Bwana

Nabii Zekaria alitumwa kuwatia moyo watu wa Yerusalemu waliorudi kutoka uhamishoni, mji wao ukiwa bado magofu. Katika sura ya 8, mstari wa 4 na wa 5, anawapa picha ya mji uliopona. Anawaonyesha wazee wameketi na mikongojo yao, na watoto, wa kiume kwa wa kike, wamejaa njiani wanacheza. Mungu anapoutembelea mji, michezo ya watoto huwa miongoni mwa dalili zake.

Nalisema hili kwa sababu wapo waumini ambao wakisikia neno mpira, wanachokiona ni matusi, ulevi na mikeka ya kubeti. Hawajakosea kabisa, kwani hayo yapo. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemwachia shetani uwanja mzima, kisha tunashangaa vijana wetu wako upande wake. Leo nataka tumtazame mchungaji mmoja wa kule visiwa vya Karibi ambaye hakuuachia.

Jina la Trench Town wengi tumelisikia katika nyimbo za Bob Marley, aliyeishi huko ujanani. Ni mtaa wa magharibi mwa Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Katika miaka ya 1930 watu wengi walihama mashamba wakaja Kingston kutafuta kazi, na kazi zilikuwa chache. Mwaka 1938 migomo na ghasia za wafanyakazi zilikitikisa kisiwa kizima. Waliobanwa zaidi ni watoto wa maskini. Shule hawana, ufundi hawana, na siku nzima wako barabarani.

Mwaka 1940 mchungaji wa Kimethodisti, Hugh Sherlock, alianza kuwakusanya wavulana hao. Kazi yake ikaitwa Boys' Town, yaani Mji wa Wavulana. Alianza na alichokuwa nacho. Kulikuwa na ibada, masomo, mafunzo ya ufundi, kriketi na mpira wa miguu. Mtoto aliyekuja kwa sababu ya mpira alikutana na kitabu, na aliyekuja kwa sababu ya kitabu alikutana na mpira. Wote walikutana na mtu mzima aliyewajua kwa majina.

Sherlock hakuwa mchungaji asiye na kazi nyingine. Jamaika ilipopata uhuru mwaka 1962, maneno ya wimbo wa taifa, ambao ni sala, yalitoka kwake. Mwaka 1967 Wamethodisti wa Karibi walipoanza kujitegemea, yeye ndiye aliyekuwa rais wao wa kwanza. Mtu wa heshima ya namna hiyo hakuona kuwa uwanja wenye vumbi wa Trench Town unaishusha hadhi ya kanzu yake.

Matunda yakaonekana. Kijana mmoja wa Boys' Town, O'Neil Smith, ambaye watu walimwita Collie, alikwenda hadi timu ya kriketi ya West Indies. Katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa, mwaka 1955 dhidi ya Australia, alifunga mikimbio 104. Mwaka 1959, akiwa Uingereza, alipata ajali ya gari pamoja na wachezaji wenzake wawili. Garfield Sobers, aliyekuwa akiendesha, alisimulia baadaye kwamba Smith alimwambia asihangaike naye, aende kumwangalia mwenzao wa tatu. Aliyeumia vibaya kuliko wote alikuwa Smith mwenyewe. Siku chache baadaye alifariki, akiwa na umri wa miaka 26. Mwili uliporudishwa Jamaika, maelfu kwa maelfu walijitokeza kumzika. Leo barabara inayopita Trench Town inaitwa kwa jina lake.

Ndugu msomaji, mikimbio 104 ni hesabu ya kriketi. Lakini kijana aliyelala na maumivu, akamfikiria kwanza mwenzake, hilo ni somo la Yohana 15:13. Mafunzo ya namna hiyo hayapatikani siku ya ajali. Hupatikana miaka mingi kabla, mtoto anapofundishwa kutoa pasi badala ya kung'ang'ania mpira peke yake.

Timu ya mpira wa miguu nayo ikakua. Katika miaka ya 1970 siasa za Jamaika zilichafuka. Wafuasi wa vyama viwili vikubwa, JLP na PNP, waligawana mitaa ya magharibi mwa Kingston, vijana wakaingia kwenye magenge yenye bunduki, na mwaka wa uchaguzi wa 1980 mamia ya watu waliuawa nchini. Trench Town ilikuwa katikati ya moto huo. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1984, Boys' Town ikawa bingwa wa ligi ya taifa. Ikarudia mwaka 1986, na tena mwaka 1989. Timu iliyoota kwenye huduma ya mchungaji ikasimama juu ya nchi nzima mara tatu, na mtaa uliotajwa kwa mauaji ukatajwa kwa ubingwa.

Sisemi kwamba mpira ulizima bunduki. Haukuzima. Magharibi mwa Kingston bado kuna machozi, na timu yenyewe imeonja kushuka daraja kutoka ligi kuu. Anayetaka huduma isiyo na msimu mbaya hataipata Trench Town, wala hataipata kanisani kwake. Lakini Sherlock alifariki mwaka 1998, na Boys' Town ingalipo. Makocha wamebadilika, wafadhili wamekuja na kuondoka, na watoto wa mtaa wameendelea kuingia. Ubingwa ulikuwa tunda. Mti wenyewe ni ule ulezi.

Nayaona mambo matatu ya kutusaidia.

Kwanza, Sherlock alianza na watoto, kombe likafuata. Makanisa mengi tunafanya kinyume. Tunaandaa bonanza la siku moja, tunanunua jezi, tunapiga picha, tunamkabidhi mbuzi mshindi, kisha tunaagana hadi mwakani. Mtoto halelewi kwa bonanza. Samaki mkunje angali mbichi, na kumkunja ni kazi ya kila juma.

Pili, uwanja haukuuliza kadi ya ubatizo. Allan Cole, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa wachezaji hodari kabisa waliotokea Jamaika, aliichezea Boys' Town. Cole alikuwa rafiki wa Bob Marley, na Mrasta anayejulikana. Huduma iliyoanzishwa na mchungaji wa Kimethodisti ilikuwa na nafasi kwa miguu yake. Wapo watakaosema hapo kanisa lilipoteza. Mimi naona lilipanda, na kwa 1 Wakorintho 3 anayekuza si sisi. Tukigeuza mpira kuwa chambo cha kunasa waumini, watoto watatugundua mapema. Wapendwe kwanza, na Injili wataiona kwa anayewapenda.

Tatu, mlezi alikuwepo. Uwanja bila mlezi ni kijiwe tu. Na hapa tuambiane ukweli: mtu anayekabidhiwa watoto achunguzwe, ajulikane na wazazi, na asiachwe peke yake nao gizani. Upendo kwa watoto unaanza na kuwalinda. Tena jina lile la Mji wa Wavulana lisitufunge. Zekaria aliwaona wasichana nao njiani. Binti yako anayependa mpira asiambiwe akaoshe vyombo wakati kaka yake anavaa njumu.

Sasa tuje nyumbani. Makanisa yetu mengi yana eneo. Kwa jasho la sadaka tumejenga uzio na kuweka geti la chuma, na baada ya ibada ya pili kufuli linafungwa hadi ibada ya katikati ya juma. Nje ya uzio huo watoto wanapiga chandimu barabarani huku bodaboda zikiwapita karibu, na mpira ukiruka ukaingia ndani, mlinzi anauzuia. Viwanja vya wazi mjini vimekwisha kujengwa. Sehemu pekee ya wazi iliyobaki katika mitaa mingi ni ya kanisa, nasi tunaitunza kwa ajili ya kuegesha magari saa mbili kwa juma.

Wazee wa kanisa watasema nyasi zitakufa na vioo vitavunjika. Ni kweli, vitavunjika. Kioo kina bei, na fundi yupo. Kijana akivunjika, hakuna duka la kumnunulia kiungo kingine. Katika bajeti ya mwaka ujao, kabla ya kupitisha spika mpya, andikeni mipira miwili, nyavu, na nauli ya mlezi. Kama kanisa lenu halina eneo, lipo lenye eneo jirani, au shule. Ombeni saa mbili za Jumamosi.

Nawe mzazi, nawe mwanakwaya, nawe uliyestaafu ukiwa bado na nguvu, usimsubiri mchungaji. Leo ukitoka ibadani usipite haraka pale wanapocheza. Simama, uliza mmoja jina lake, na Jumapili ijayo mwite kwa jina hilo.