"Mambo?" inazishinda kengele zetu

Jana nimetoka Meru, na matatu nzima hadi Embu nilikuwa nagombana na nafsi yangu. Kliniki moja inataka niiundie programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa kumeza ARV: kengele kila siku, grafu, mbwembwe zote. (Pesa naitaka, sikatai.)

Lakini jibu tulishalipata hapa hapa Kenya. Kati ya 2007 na 2009 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 Nairobi na Kajiado. Takriban nusu yao walitumiwa SMS kila wiki: "Mambo?" Basi. Hakuna neno UKIMWI, hakuna neno dawa. Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akisema shida, au akinyamaza, muuguzi anampigia. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo 2010: waliotumiwa SMS, virusi vilidhibitiwa kwa 57%, wenzao, 48%.

Utafiti mwingine, wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2011, ulikuta ujumbe wa kila wiki unasaidia, ila wa kila siku hausaidii! Kengele ya kila siku mtu huizoea kama jogoo wa jirani.

Sasa mchuma miraa wa Maua mwenye mulika mwizi, tena anayotumia na mkewe, grafu yangu ataifanyia nini?

Nimewaandikia kliniki: kwanza nipeni muuguzi mmoja mwenye salio, kodi nitaandika wikendi moja. Bado hawajajibu.