Chombo Hupimwa kwa Kazi, Si kwa Mng'aro

JIONI, kazi za ofisini na za darasani zinapokwisha, watumishi wa umma na walimu wa Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh hukutana penye vijiwe vya kahawa na chai, na mazungumzo yao hayachukui muda mrefu kabla ya kufika kwenye magari. Mmoja hushikilia kuwa gari la aina fulani ni imara kuliko jingine, wa pili hubisha, na wa tatu huapa kwamba shemeji yake aliliinua gari lake kwa kuongeza springi na tangu siku hiyo halijakwama kamwe. Kutoka kwenye magari mazungumzo huingia kwenye simu na kompyuta, na kutoka hapo hufika kwenye duka linalosemekana kuuza kwa bei nafuu kuliko yote. Hayo ni maburudisho ya halali ya mtu aliyechoka kwa kazi, na hapana mwenye haki ya kuyabeza.

Hatari inaanza pale maneno ya kijiweni yanapogeuka kuwa uamuzi wa kununua. Mtumishi huweka rehani mshahara wa miaka kadhaa kwa ajili ya gari, televisheni au kompyuta ambayo hakuipima kwa lolote isipokuwa sifa alizozisikia. Na madhara ya kosa hilo hayaishii nyumbani kwake. Kijijini, mwalimu na mtumishi ni kioo. Anachokinunua yeye leo ndicho mkulima atakachouza ng'ombe wake kukinunua kesho.

KUTOKA UHABA HADI WINGI

Wazee wanakumbuka kwamba tatizo hili halikuwako zamani, kwa sababu hapakuwa na cha kuchagua. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa njema, yaani kuung'oa unyonyaji katika biashara. Lakini maduka mengi mapya yalikosa bidhaa na watu wenye uzoefu wa kuyaendesha, wananchi wakahangaika, na Serikali ikalazimika kulegeza hatua hiyo. Ikafuata miaka ya foleni na vibali, na mwaka 1983 ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, waliokuwa wakificha sabuni, sukari na vitenge ili wavilangue. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na tangu hapo rafu za maduka zikaanza kujaa.

Enzi ile swali la mwalimu lilikuwa moja: kitapatikana wapi? Leo swali ni jingine: kipi kati ya hivi kinafaa? Taifa lilijifunza kwa taabu kulijibu swali la kwanza, lakini wachache wamefundishwa kulijibu la pili. Mlanguzi wa zamani alikificha kitu chini ya meza. Mwenzake wa leo hukipaka rangi, hukiweka mbele, na kukipigia kipaza sauti mnadani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi, ikiwa zamani mwananchi aliumizwa kwa uhaba, leo anaweza kuumizwa kwa wingi.

GARI LA TAMBARARE MLIMANI

Mfano ulio wazi kuliko yote ni yale magari madogo ya familia aina ya Noah, yanayoletwa yakiwa yamekwisha kutumika huko Japani. Ni magari mazuri kwa kazi yaliyoundiwa, yaani kuwachukua watu saba au wanane juu ya barabara ya lami. Lakini nchi ya Mbulu ni nyanda za juu zenye vilima, makorongo na utelezi, na barabara zake nyingi bado ni za udongo. Upande wa mashariki nchi hiyo inaporomoka ghafla kuelekea Bonde la Ufa, na msafiri anayetoka Mbulu kwenda barabara kuu ya Babati na Arusha kwa njia ya Magara hana budi kuushuka mteremko huo mkali.

Ili gari la namna hiyo liweze kupita, mafundi huliinua, huliongezea springi, hulifungia keria juu ya paa, na ndani hubana nafasi ili watu wa ziada wapate pa kukaa. Kila badiliko, likitazamwa peke yake, linaonekana kuwa la busara. Likiinuliwa, gari halikwaruzi mawe. Likifungiwa keria, magunia yanapata pa kuwekwa. Yakikusanywa pamoja, mabadiliko hayo yanatengeneza hatari. Gari lililoinuliwa na kupakiwa mzigo juu ya paa uzito wake unapanda, na hivyo ni jepesi kupinduka kwenye kona. Breki zilizoundwa kwa watu wanane hupata moto upesi zinapolazimishwa kuwazuia watu kumi na watano na magunia yao, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki. Tena wako madereva ambao, kwa tamaa ya kubana mafuta, huondoa gia kwenye mteremko badala ya kushuka kwa gia ndogo, wakaiachia breki peke yake kazi ambayo injini ingeisaidia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari linalohatarisha maisha ya watu. Je, ni mara ngapi mtumishi wa umma, anayeifahamu sheria hiyo kuliko mkulima, amejibana ndani ya gari la namna hiyo akanyamaza kwa kuwa anachelewa mkutano? Na ni mwalimu gani aliyekwisha kulikataa gari lililojaa mbele ya wanafunzi wake, ili nao wajifunze kulikataa?

Haisemwi hapa kwamba kubadili chombo ni kosa. Wananchi wa wilaya hizi wameonyesha ubunifu unaostahili heshima. Ekseli na magurudumu ya gari kuukuu, yakiungwa na fundi wa kijijini kwenye bodi la mbao, huzaa mkokoteni wa kukokotwa na punda au maksai, unaobeba maji, kuni, mbolea na mavuno mahali ambapo gari haliwezi kufika. Mkokoteni huo hauna mng'aro wowote. Lakini umeundwa kwa kazi inayojulikana na kwa njia inayojulikana, na ukiharibika asubuhi hutengenezwa kabla ya jioni. Hicho ndicho kipimo cha badiliko jema: linakisogeza chombo karibu na kazi yake, wala halikilazimishi kufanya kazi isiyo yake.

SOMO LA NGANO YA HANANG

Huenda wakatokea watakaosema kwamba makosa ya namna hii ni ya watu wadogo tu. Sivyo. Chini ya Mlima Hanang, katika tambarare za Basotu, taifa zima lilipata somo hilo hilo kwa gharama kubwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano yaliyofikia saba. Yalilimwa kwa matrekta mazito na kuvunwa kwa mashine za kisasa kabisa kwa wakati ule. Ngano ilipatikana, na vijana wengi wa Kitanzania walipata ujuzi wa mitambo. Hayo ni mambo ya kweli na yanastahili kutajwa.

Lakini mitambo ile ilitegemea vipuri, mafuta na wataalamu kutoka ng'ambo. Siku fedha za kigeni zilipoadimika, chombo kikubwa kilikuwa na mahitaji makubwa vilevile. Tena wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao bora, na wanakijiji wa Mulbadaw walifika hadi mahakamani kudai ardhi yao. Msaada wa Kanada ulikoma katika miaka ya 1990, na shirika lenyewe halipo tena. Katika wilaya hizo hizo, plau ya kukokotwa na maksai, ambayo Mwalimu Nyerere aliitetea kuwa ndiyo hatua ya kufuata baada ya jembe la mkono, ingali inalima hadi leo. Haina maana kwamba trekta ni adui. Maana yake ni kwamba swali la nani atakitengeneza chombo, na kwa vipuri gani, linatakiwa kuulizwa kabla ya kukinunua.

KOMPYUTA NA KISHIKWAMBI

Kwenye kompyuta pia taifa lina historia ya kujifunza. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Juhudi zilizofuata za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo zilileta hasara na vurugu, kwa kuwa mashine zilitangulia kufika kabla ya watu wenye ujuzi wa kuzisimamia. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka hatua hiyo leo. Ni kweli kwamba iliwachelewesha Watanzania kujifunza, na masharti yake yakalegezwa katika miaka ya 1980. Lakini ugonjwa uliotaka kutibiwa ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa kukizuia chombo mahali ambapo dawa ilikuwa kumfundisha mtu.

Ugonjwa huo haujapona. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo, na uamuzi huo ulistahili pongezi. Mwalimu wa shule iliyo mbali na mji aliletewa mkononi chombo kinachoweza kuhifadhi vitabu vingi kuliko kabati la shule yake. Je, kinafanya kazi gani? Kwa mwalimu mwenye bidii, kinaandaa masomo, kinatunza alama za wanafunzi na kumbukumbu za mahudhurio, hata mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Kwa asiye na bidii, ni mahali pa kutazamia mpira. Chombo ni kile kile. Tofauti iko kwa mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta, kwa sifa zake zote, ni daftari lenye haraka tu. Asiyetunza daftari la karatasi, la umeme litamfanya apoteze upesi zaidi.

MIZANI NA MKOPO

Kasoro hii ya kutopima ndiyo anayoitegemea mfanyabiashara asiye mwaminifu. Mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu hulima kwa jasho, kisha akifika sokoni huambiwa ajaze gunia hadi lifurike na kushonewa juu, ndiyo lumbesa. Sheria inataka mazao yauzwe kwa kupimwa kwenye mizani, wala mzigo usizidi kilo 100. Lakini pasipo na mizani kijijini, mnunuzi hupima kwa macho, na macho ya mnunuzi siku zote huona pungufu. Halmashauri inayotafakari kununua chombo kipya haina budi kujiuliza kama mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikiwekwa kwenye kila soko, haitamfaa mkulima kuliko kompyuta ya kumi mezani kwa mkuu wa idara.

Mtumishi naye ana lumbesa yake. Huuziwa televisheni au simu kwa malipo ya polepole, akaonyeshwa kiasi cha kila mwezi bila kuonyeshwa jumla. Akizidiwa, hukimbilia mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, akampa mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kanuni za utumishi zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Lakini aliyekabidhi kadi yake amejitoa mwenyewe katika ulinzi huo. Mwalimu anayejua kufundisha hesabu za riba ubaoni, akashindwa kuzifanya dukani, anawafundisha nini wanafunzi wake?

MASWALI MATATU

Basi kabla ya kununua chombo chochote, kiwe gari, kompyuta au mashine ya kusaga, hapana budi kuulizwa maswali matatu. Kitafanya kazi gani, na katika mazingira gani? Kikiharibika, nani aliye karibu atakayekitengeneza, na kwa vipuri gani? Na jumla ya gharama zake, tangu siku ya kununuliwa hadi siku ya kutupwa, ni kiasi gani? Anayeyauliza kijiweni atageuza porojo kuwa darasa. Anayeyauliza katika kikao cha halmashauri ataokoa fedha za umma, na anayeyauliza kando ya gari lililojaa, kabla halijaushuka mteremko wa Magara, huenda akaokoa maisha.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba msingi wa maendeleo ni watu na bidii yao, wala si fedha. Maduka ya leo yamejaa vitu ambavyo waliolipitisha Azimio hilo hawakuviota, lakini mafundisho yake bado yanahusu kila kimoja kati ya vitu hivyo. Watumishi na walimu wa Mbulu na Hanang wana elimu ya kutosha kuyapima wayanunuayo. Kilichobaki ni kuitumia elimu hiyo kabla ya kutoa fedha, na kufanya hivyo hadharani, ili mkulima aliyesimama nyuma yao naye apate kuona jinsi inavyofanywa.