Kabla ya Kumbana Abiria, Mbaneni Anayepanga Nauli

Haya wasomaji, leo tuongee kuhusu nauli. Kila baada ya muda anatokea mtu na dawa mpya ya "kuhakikisha kila abiria analipa": mara kadi, mara mashine ya kugusisha mlangoni, mara programu ya simu. Mimi naandika programu, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hivyo mtu angetarajia nishangilie. Sishangilii, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuulizane swali dogo. Katika matatu za Nairobi, ni nani hasa asiyelipa? Hakuna. Kondakta amesimama mlangoni. Anajua umepandia steji gani, anakumbuka ulimpa noti ya mia mbili na bado anakudai subira ya chenji, na hayo yote anayafanya bila betri na bila mtandao. Akikubeba sare, basi ameamua mwenyewe. Sijaona mashine ya kukagua nauli inayomfikia. Kwa hivyo ukisikia mtu anataka kuleta teknolojia ya kulazimisha malipo kwenye matatu, jua kwamba hamtafuti abiria. Anatafuta pesa baada ya kutoka mfukoni mwa abiria.

Historia yenyewe si ya zamani. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay. Ulikuwa unaigusisha kwenye simu ya kondakta na nauli inakatwa papo hapo. Kadi ilitolewa bure. Kufikia 2015 ilikuwa imefungwa. Katikati ya hapo serikali, kupitia NTSA, iliamuru matatu zote ziache pesa taslimu kufikia Julai 2014. Tarehe ikasogezwa, kisha amri yenyewe ikafa kimyakimya. Kadi nyingine zilizozaliwa msimu huo zilienda njia hiyohiyo.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Julai hiyohiyo ya 2014, mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu, na huko mambo yalienda. Mwaka mmoja, mwezi mmoja, teknolojia inayofanana. Huko ikashika, hapa ikaanguka. Wengi husema ni kwa sababu Wakenya wanapenda pesa mkononi. Hiyo ni porojo. Hawa ndio Wakenya walioipokea M-Pesa mwaka 2007 na kuanza kuitumia hata kununulia mboga. Tatizo halikuwa kidole cha abiria.

Tofauti ni hii. Dereva wa basi la London haishi kwa nauli. Mamlaka ya usafiri huko huzilipa kampuni za mabasi kwa kuendesha njia, nauli zinaenda kwa mamlaka, na dereva ana mshahara wake. Ukigusisha kadi, hakuna aliye ndani ya basi anayepoteza kitu. Isitoshe, kufikia wakati ule wanaolipa kwa pesa taslimu walikuwa wamebaki chini ya asilimia 1. Yaani walizima kitu ambacho karibu kila mtu alikuwa ameshakiacha kwa hiari.

Hapa kwetu, mwenye gari anataka hesabu yake jioni. Mafuta yatoke, hesabu itoke, na kinachobaki ndicho chakula cha dereva na kondakta. Katikati ya safari kuna kitu kidogo cha polisi, kuna vijana wa steji. Wote hao wanalipwa kutoka kwa zile noti zilizokunjwa katikati ya vidole vya kondakta. Leta kadi inayopeleka kila shilingi moja kwa moja benki, halafu uniambie: kondakta atampa nini askari aliyemsimamisha? Atawapa vijana wa steji risiti? Kadi haikuchukiwa kwa kuwa ngumu kutumia. Ilichukiwa kwa sababu inaonyesha.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na ndilo hasa nililokuja kulisema. Amri ile ilikuwa inamlazimisha abiria kulipa kwa njia ambayo haiwezi kubishana, ilhali bei yenyewe haijafungwa na mtu. Matatu hazina nauli iliyowekwa na serikali. Asubuhi hamsini, jioni themanini, mvua ikinyesha mia. Ukiwa na noti mkononi unaweza kukataa, kuteta, au kushuka ungoje gari linalofuata. Ukishakuwa na kadi ambayo mwenye mashine ndiye anayebonyeza kiasi, huna la kusema. Sheria inayombana mnunuzi peke yake, na kumwacha muuzaji apange bei kufuatana na mawingu, ni mtego tu hata ukiuita teknolojia.

Linganisha tena na London. Tangu 2005 kadi yao ya Oyster ina kikomo cha siku: ukifika kiasi fulani, safari zinazobaki siku hiyo hazikatwi tena. Walipofuta pesa taslimu kwenye basi waliruhusu mwenye kadi iliyopungukiwa salio apande mara moja zaidi, asiachwe njiani usiku. Ndiyo, wana ukali pia. Ukikamatwa hujalipa, faini tangu Machi 2024 ni pauni 100. Ila ukali huo umejengwa juu ya ahadi: bei inajulikana na mashine inamlinda pia anayelipa. Na msiniambie ni mambo ya wazungu. Kigali walileta kadi ya Tap&Go mwaka 2015, na huko nauli hupangwa na mamlaka ya RURA, si na kondakta.

Wapo watakaosema dawa ni nguvu: leteni askari. Nendeni mkaone New York. Mamlaka ya usafiri ya jiji hilo ilikadiria kupoteza dola milioni 690 mwaka 2022 kwa watu wasiolipa, na polisi wakajazwa kwenye vituo. Septemba 2024, katika kituo kimoja cha Brooklyn, polisi walimfuata mtu aliyeingia bila kulipa nauli ya dola 2.90. Alikuwa na kisu, wakafyatua risasi, na zikampata yeye, abiria wawili na askari mwenzao mmoja. Piga hesabu mwenyewe.

Nawasikia pia wenye magari: "Kondakta ananiibia, nifanyeje?" Malalamiko yao ni ya haki. Gari ni lao, mkopo ni wao. Lakini ukimwambia mtu "niletee kiasi hiki, kinachobaki ni chako", umeshasaini kwamba hutaki kujua kinachobaki. Kanuni za Michuki za 2004, zile zilizotuletea mikanda na vidhibiti mwendo, zilitaka pia dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu. Mikanda tuliinunua. Ajira tuliisahau. Mlipe mtu mshahara kwanza, ndipo umwekee mashine ya kuhesabu.

Na angalieni kinachotokea leo bila amri ya mtu. Abiria wengi wanalipa nauli kwa simu, wanaandika namba ya kondakta na kutuma. Hakuna kadi, hakuna tarehe ya mwisho kutoka serikalini. Imeingia kwa sababu pesa inafika kwa yule anayeihitaji pale garini, na anaweza kuitumia hapohapo. Ndiyo, wapo wajanja wa kuonyesha ujumbe wa jana. Kondakta anawajua, anangoja simu yake ilie.

Kwa hivyo, kwa waundaji programu wenzangu mnaoandaa mfumo unaofuata, na kwa wakubwa mtakaoununua, nina masharti matatu. Nauli ibandikwe kwenye gari na kwenye mfumo kabla ya safari, na mashine ikatae kukata zaidi ya hapo hata mvua ikinyesha mawe. Kila malipo yampe abiria risiti yenye namba ya gari, ili naye awe na ushahidi. Na wafanyakazi wa gari walipwe mshahara kabla ya mashine kufungwa.

Mkishindwa na hayo matatu, basi msituletee kadi nyingine. Droo zetu zimejaa.